Uliza kabla ya kubomoa: hatari ya asbesto kazini ughaibuni na kwenye mapaa ya nyumbani

Asbesto ni neno ambalo wengi wa wasomaji wetu wamelisikia, lakini wachache wamewahi kuelezwa hasa ni kitu gani. Walioko Afrika Mashariki wanalijua kama paa: yale mabati mazito ya kijivu yenye mawimbi, kama wengi wanavyoyaita ingawa hayana chuma ndani yake, ambayo hayapati kutu wala hayapigi kelele mvua inaponyesha. Bado yanafunika shule, zahanati na nyumba nyingi za watumishi zilizojengwa enzi za ukoloni na miaka ya mwanzo ya uhuru. Walioko hapa Uingereza hukutana na neno hilo kwenye kibandiko cha onyo mlangoni mwa chumba cha boila, au kwenye karatasi ya msimamizi wa kazi ambayo aghalabu hutiwa saini bila ya kusomwa.

Tumeona ni vyema kulizungumzia suala hili kwa urefu kwa sababu watu wetu wako pande zote mbili za hatari yake. Huku ughaibuni, wengi wetu tumeanza maisha kwa kazi za kubomoa, kupaka rangi, kusafisha na kukarabati majengo ya zamani. Fedha zinazopatikana kwa kazi hizo hutumwa nyumbani kukarabati nyumba ya wazazi, na mara nyingi jambo la kwanza linalofanywa huko ni kung'oa paa la zamani. Katika hali zote mbili, yule anayeshika nyundo ndiye wa mwisho kuambiwa anavunja nini. Historia nzima ya asbesto, kama tutakavyoona, ni historia ya habari iliyochelewa kumfikia anayeihitaji.

Jiwe linalochambuka kama pamba

Asbesto haikubuniwa kiwandani. Ni jina la pamoja la madini sita ya asili ambayo yana sifa isiyo ya kawaida: mwamba wake unaweza kuchambuliwa mpaka ukawa nyuzi nyembamba. Nyuzi hizo haziungui, haziozi, na zinavumilia joto kali pamoja na kemikali nyingi. Jina lenyewe limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kisichozimika. Aina tatu ndizo zilizotumika zaidi viwandani, na mafundi huziita kwa rangi: asbesto nyeupe, ya kahawia na ya buluu.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 madini haya yalionekana kuwa zawadi kwa wajenzi. Yalichanganywa na saruji kutengeneza mapaa, mabomba ya maji na matangi. Yalizungushiwa mabomba ya maji moto ili joto lisipotee, yakapulizwa juu ya nguzo za chuma ili zisilegee moto ukizuka, yakatiwa kwenye bodi za dari, vigae vya sakafu, rangi nzito za mapambo ya dari na hata breki za magari.

Ni muhimu kufahamu kwamba vitu hivi havina hatari sawa. Katika paa la saruji, asbesto kwa kawaida ni kiasi cha asilimia 10 hadi 15, na nyuzi zake zimeshikwa na saruji. Katika tabaka lililopulizwa kwenye nguzo na dari, kiasi hicho kinaweza kufika asilimia 85, na tabaka lenyewe ni laini kiasi kwamba hata kuliparuza kidogo kunatosha kutoa vumbi. Kwa hivyo, fundi anayeambiwa kuna asbesto mahali fulani hajaambiwa yote. Anapaswa kujua pia ni ya namna gani, iko wapi na hali yake ikoje.

Vile vile, hakuna mtu awezaye kuitambua asbesto kwa macho peke yake. Baadhi ya mabati mapya ya saruji yanafanana kabisa na yale ya zamani lakini hayana asbesto hata kidogo. Jibu la uhakika hutolewa na maabara, baada ya mtaalamu kuchukua kipande kidogo kwa tahadhari.

Nini hutokea mwilini

Paa la asbesto likiwa zima na halijaguswa, nyuzi zake hazina njia rahisi ya kutoka. Hatari huanza pale linapokatwa kwa msumeno, linapotobolewa kwa drili, linaposuguliwa kwa brashi, au linapovunjwa na kutupwa chini. Hapo nyuzi hutoka hewani, nyingine zikiwa nyembamba mno kuonekana kwa jicho. Hazina harufu na haziwashi pua. Mtu huvuta pumzi kama kawaida, akamaliza kazi yake na kwenda nyumbani.

Nyuzi zinazofika ndani kabisa ya mapafu hukaa huko. Chembe za mwili zinazofanya kazi ya kusafisha hujaribu kuzimeza na kushindwa kwa sababu ya urefu na ugumu wake, na mahali hapo huendelea kuwa na uvimbe na makovu mwaka hadi mwaka. Matokeo yake yanajulikana. Asbestosisi ni ugonjwa wa makovu ya mapafu, ambapo mgonjwa hupungukiwa na pumzi kidogo kidogo mpaka kupanda ngazi kukawa kazi. Saratani ya mapafu ni ya pili. Ya tatu ni mesothelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu au viungo vya tumbo, ambayo kwa kawaida husababishwa na asbesto, na wagonjwa wengi hufariki katika kipindi kifupi baada ya kugunduliwa. Shirika la Utafiti wa Saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, limethibitisha pia uhusiano wa asbesto na saratani za koo la sauti na za ovari.

Magonjwa haya hayaji haraka. Kati ya siku mtu alipovuta vumbi na siku anapoanza kuumwa kunaweza kupita miaka 15, 30, hata 50 au zaidi. Kijana wa miaka 25 anayebomoa dari leo anaweza kupata majibu yake akiwa babu. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na katika suala la asbesto msemo huo ni kweli kwa hesabu ya miaka.

Uvutaji wa sigara huongeza maradufu ubaya huo. Mtu aliyevuta vumbi la asbesto na ambaye pia ni mvutaji sigara ana hatari kubwa zaidi ya kupata saratani ya mapafu kuliko yule aliyepatwa na moja tu kati ya mambo hayo mawili. Nyuzi haziwezi kutolewa tena mwilini, lakini kuacha sigara kunapunguza hatari hiyo.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa zaidi ya watu 200,000 hufariki kila mwaka duniani kutokana na asbesto waliyokutana nayo kazini. Hivyo asbesto peke yake ina sehemu kubwa zaidi ya vifo vya saratani zinazotokana na kazi. Aina zote za asbesto, ikiwemo nyeupe, husababisha saratani kwa binadamu, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa hakina madhara kabisa.

Habari iliyochelewa

Mwaka 1924, katika mji wa Rochdale kaskazini mwa Uingereza, alifariki mwanamke aliyeitwa Nellie Kershaw akiwa na umri wa miaka 33. Alikuwa amefanya kazi ya kusokota nyuzi katika kiwanda cha Turner Brothers Asbestos. Daktari William Cooke aliyachunguza mapafu yake, akakuta chembe za madini hayo, na mwaka huo huo akaandika habari zake katika jarida la madaktari wa Uingereza. Kampuni ilikataa kuilipa familia yake, ikihofia kuwafungulia wengine mlango.

Miaka 6 baadaye, mwaka 1930, wakaguzi wa serikali Merewether na Price walichapisha ripoti ya uchunguzi wa wafanyakazi 363 wa viwanda vya asbesto, na zaidi ya robo yao walikutwa na makovu ya mapafu. Mwaka 1931 zikatungwa kanuni za kupunguza vumbi viwandani. Lakini kanuni hizo ziliwahusu watu wa viwandani. Hazikumgusa fundi bomba, seremala wala kibarua wa bandarini aliyebeba magunia ya asbesto mgongoni.

Afrika nayo ina sehemu yake katika historia hii. Ni nchini Afrika Kusini, mwaka 1960, ambako daktari Chris Wagner na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 33 wa mesothelioma, wengi wao wakiwa watu waliofanya kazi au kuishi karibu na machimbo ya asbesto ya buluu kaskazini-magharibi mwa jimbo la Cape. Baadhi hawakuwahi kufanya kazi mgodini. Walikuwa wamekulia tu jirani na vumbi. Miaka 5 baadaye, mwaka 1965, madaktari Muriel Newhouse na Hilda Thompson walionyesha kwamba hata London mambo yalikuwa hivyo hivyo. Miongoni mwa wagonjwa wao walikuwemo watu walioishi karibu na kiwanda cha asbesto, na wengine ambao jamaa zao walirudi nyumbani kutoka kiwandani wakiwa na vumbi kwenye nguo. Wapo waliougua kwa sababu walifua nguo za kazi za waume zao.

Sehemu ya madini yaliyosindikwa Uingereza yalitoka Afrika. Turner and Newall, kampuni iliyozaliwa kutokana na ile ya Rochdale, ilimiliki machimbo katika nchi ambazo leo ni Zimbabwe na Eswatini. Kampuni nyingine ya Uingereza, Cape, ilichimba Afrika Kusini. Wachimbaji na wakazi wa huko walipougua walitaka kuishtaki Cape hapa London, na ilibidi wapigane mahakamani kwa miaka mpaka Julai 2000, ambapo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo iliamua kwamba kesi yao isikilizwe hapa. Mwaka 2003 yalifikiwa maelewano na walalamikaji zaidi ya 7,000. Wengi wa wenzao walikuwa wamekwishafariki.

Uingereza ilipiga marufuku asbesto ya buluu na ya kahawia mwaka 1985, na nyeupe mwaka 1999. Tangu kifo cha Nellie Kershaw mpaka hapo ilikuwa imepita miaka 75.

Hali ilivyo leo Uingereza

Marufuku ya mwaka 1999 ilizuia kuletwa kwa asbesto mpya. Haikuiondoa ile iliyokwisha kujengwa. Ndiyo maana kila jengo lililojengwa au kukarabatiwa kabla ya mwaka 2000 huchukuliwa kuwa linaweza kuwa na asbesto ndani yake, mpaka uchunguzi uonyeshe vinginevyo. Ripoti ya kamati ya bunge ya Aprili 2022 ilitaja takriban majengo 300,000 yasiyo ya makazi ambayo bado yana asbesto, na ikapendekeza yote iondolewe katika muda wa miaka 40. Serikali ya wakati huo ilikataa kuweka muda maalumu, kwa hoja kwamba kuiondoa asbesto iliyotulia kunaweza kuzalisha vumbi ambalo lisingekuwepo kama ingeachwa mahali pake.

Kwa mujibu wa Mamlaka ya Afya na Usalama Kazini, HSE, asbesto bado huua kiasi cha watu 5,000 kila mwaka hapa Uingereza. Wengi wao ni watu waliovuta vumbi hilo miongo kadhaa iliyopita. Hata hivyo, itakuwa kosa kudhani kwamba hatari imekwisha na kizazi hicho. Seremala anayekata bodi ya dari, fundi umeme anayepitisha waya, fundi bomba anayebadilisha boila na kibarua anayefagia baada yao, wote wanaweza kukutana nayo leo. HSE ilianzisha kampeni ya kuwaamsha mafundi mwaka 2008, na baadaye ikaanzisha nyingine kwa makusudi hayo hayo, kwa sababu mafundi vijana wengi wanaamini asbesto ni jambo la zamani.

Sheria inayotumika sasa ni ya mwaka 2012. Kwa ufupi, inamtaka mwenye dhamana ya jengo lisilo la makazi binafsi kujua kama lina asbesto, iko wapi na katika hali gani, kuweka rejista yake, na kumpa habari hizo yeyote anayekuja kufanya kazi mahali hapo. Wajibu huo unahusu pia sehemu za pamoja za maghorofa, kama vile ngazi, korido na vyumba vya mitambo. Mwajiri naye anatakiwa kumpa mafunzo mfanyakazi ambaye kazi yake inaweza kumkutanisha na asbesto. Kazi hatari zaidi, kama kuondoa tabaka la mabomba au tabaka lililopulizwa, hufanywa tu na kampuni zenye leseni.

Sheria hiyo ina meno pale inapotumika. Mwaka 2011, kampuni kubwa ya maduka ya Marks and Spencer ilitozwa faini ya pauni milioni 1 kutokana na makosa ya usimamizi wa asbesto wakati wa ukarabati wa duka lake mjini Reading. Lakini wengi wa wasomaji wetu hawafanyi kazi katika miradi ya kampuni kubwa. Wanachukuliwa na mkandarasi mdogo, wanalipwa kwa siku, na wanaingia katika nyumba ambayo hakuna aliyewahi kuikagua.

Kwa hali kama hiyo kuna swali moja la kuuliza kabla ya kugusa chochote: jengo hili limekaguliwa asbesto, na matokeo yako wapi? Msimamizi anayejua kazi yake hatakasirika kuulizwa hivyo. Anayejibu kwa hasira au mzaha amekwisha kukupa jibu. Sheria ya ajira ya mwaka 1996 inamlinda mfanyakazi anayejiondoa mahali penye hatari kubwa na ya wazi, na HSE hupokea malalamiko ya wafanyakazi bila ya kufichua majina yao kwa mwajiri. Tunafahamu kwamba kwa mtu anayeogopa kupoteza kibarua maneno haya ni rahisi kuandika kuliko kutenda. Hata hivyo, malipo ya siku moja hayalingani na mapafu ya miaka 40.

Na ikiwa umekwisha kuvunja kitu unachokishuku? Simamisha kazi, ondoka mahali hapo na uwazuie wengine wasiingie. Usifagie, wala usitumie mashine ya kawaida ya kunyonya vumbi, kwani huzirudisha nyuzi hewani. Zivue nguo za kazi hapo hapo na usiende nazo nyumbani kuzifua pamoja na nguo za watoto. Hakuna haja ya kutaharuki, kwani mara moja ya muda mfupi kwa kawaida haileti hatari kubwa. Ugonjwa huwapata zaidi wale waliovuta vumbi mara nyingi au kwa wingi. Lakini mwambie daktari wako, na umwombe aandike tukio hilo na tarehe yake katika faili lako.

Mapaa ya nyumbani

Tukivuka bahari kurudi nyumbani, tunakuta nchi zetu zimechukua njia tofauti. Kenya iliiweka asbesto katika orodha ya taka za hatari katika kanuni zake za usimamizi wa taka za mwaka 2006, na mamlaka yake ya mazingira, NEMA, ikatoa mwongozo wa namna ya kuiondoa na kuizika. Kwa hivyo kung'oa paa la aina hiyo Kenya si kazi ya kibarua yeyote mwenye ngazi. Kunahitaji kibali na watu waliosajiliwa, na taka zake hazitupwi kwenye dampo la kawaida.

Rwanda imekwenda mbali zaidi. Ilianzisha mpango wa kitaifa wa kuondoa mapaa yote ya asbesto, unaosimamiwa na mamlaka yake ya nyumba. Takriban mita za mraba milioni 1.7 zilihesabiwa, kwenye majengo ya serikali, ya taasisi za dini na ya watu binafsi. Tarehe za kumaliza zimesogezwa zaidi ya mara moja, na sababu kubwa ni gharama. Paa la asbesto likiondoka lazima liwekwe jingine, na mwenye nyumba asiye na uwezo hujikuta kati ya sheria na mvua.

Njia ya Uingereza ya kuiacha asbesto mahali pake na kuisimamia, na njia ya Rwanda ya kuiondoa yote, kila moja ina mantiki yake. Kuiacha kunafaa pale ambapo kuna rejista, ukaguzi wa mara kwa mara na mtu anayewajibika. Mahali ambapo hakuna atakayekumbuka kuwa paa fulani ni la asbesto baada ya mzee mwenye nyumba kufariki, kuiacha ni kuahirisha tu, kwa sababu siku moja atakuja fundi na nyundo. Kwa upande mwingine, kuiondoa kiholela kunatoa katika siku moja vumbi ambalo paa hilo pengine lisingelitoa kwa miaka mingi.

Kwa hivyo, msomaji anayetuma fedha za kubadilisha paa la wazee wake anapaswa kuanza kwa kupiga simu ya kuuliza paa hilo ni la nini, kabla ya kupatana bei na fundi. Kwa Kenya na Uganda, ofisi za NEMA za nchi hizo ndizo za kuuliza. Kwa Tanzania ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, pamoja na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA. Kama paa ni zima na halivuji, hakuna haraka. Familia inayoishi chini yake haina sababu ya kukimbia nyumba.

Likilazimika kuondolewa, kanuni za msingi ni zile zile popote duniani. Paa hulowanishwa kwa maji kwanza ili vumbi lisiruke. Misumari na bolti hufunguliwa, na bati huteremshwa likiwa zima bila ya kutupwa. Halikatwi kwa msumeno wala grainda. Wanaofanya kazi huvaa ovaroli za kutupwa na barakoa zenye kichujio maalumu, kwani kitambaa au barakoa ya hospitali haizuii nyuzi hizi. Watoto na majirani huwekwa mbali. Vipande hufungwa katika plastiki nene ya tabaka mbili, huandikwa onyo, na hupelekwa panaporuhusiwa na mamlaka. Na kwa kuwa mtu anayepanda juu anaweza kuvunja bati kuukuu na kuanguka, paa la aina hii halikanyagwi ovyo.

Linalotupa wasiwasi zaidi ni yale yanayofanyika baada ya paa kushuka. Ni jambo la kawaida vipande vya zamani kugeuzwa uzio, banda la kuku, kifuniko cha choo au kujazia mashimo ya njia. Kwa mwenye nyumba hiyo ni busara ya kutopoteza kitu. Lakini kila kipande kinachokanyagwa na kusagwa njiani kinafanya kile ambacho kilikuwa hakijafanya kikiwa juu ya nyumba. Kukichoma moto nako si suluhisho. Asbesto haiungui, na bati lenyewe linaweza kupasuka kwa kishindo na kurusha vipande.

Wengi pia huuliza kuhusu maji ya mvua yanayokingwa kutoka kwenye mapaa hayo. WHO inasema hakuna ushahidi wa kuridhisha kwamba asbesto inayomezwa kwa maji ya kunywa ina madhara, na haikuweka kiwango cha juu kwa ajili hiyo. Hatari iliyothibitishwa ni ya kuvuta hewani. Aliyekunywa maji ya paa hilo utotoni asikose usingizi kwa hilo. Anayepanda kulisugua kwa brashi ili maji yawe safi ndiye anayejiingiza katika hatari.

Biashara bado ipo

Zaidi ya nchi 50 zimepiga marufuku matumizi ya asbesto, zikiwemo zote za Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2005 na Afrika Kusini tangu 2008. Canada, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa duniani, ilifunga machimbo yake ya mwisho mwaka 2011 na kupiga marufuku mwaka 2018. Mji wake uliokuwa ukiitwa Asbestos ulibadilisha jina mwaka 2020 na kuwa Val-des-Sources. Marekani ilitoa kanuni ya kupiga marufuku asbesto nyeupe mwezi Machi 2024.

Pamoja na hayo, asbesto nyeupe bado inachimbwa, Urusi ikiwa mzalishaji mkubwa kuliko wote, na bado inauzwa katika nchi zinazoendelea kama paa la bei nafuu. Chini ya Mkataba wa Rotterdam, nchi inayouza kemikali za hatari zilizoorodheshwa inatakiwa kwanza kupata ridhaa ya nchi inayonunua. Tangu mwaka 2006, pendekezo la kuiingiza asbesto nyeupe katika orodha hiyo limekwama mara kwa mara, kwa kuwa uamuzi unahitaji kukubaliwa na wote na nchi chache huupinga. Hoja ya watetezi wa biashara hiyo ni kwamba asbesto nyeupe ni salama ikitumiwa kwa udhibiti. Kiwandani, penye mashine za kunyonya vumbi na wakaguzi, udhibiti huo unaweza kuelezeka. Lakini bati likishafika kijijini, nani atamdhibiti fundi wa miaka 30 ijayo, ambaye hata hajui kuna kitu cha kudhibitiwa?

Weka kumbukumbu

Tungependa kumalizia kwa jambo ambalo wachache hulifikiria mapema. Kwa kuwa ugonjwa huja baada ya miongo, mgonjwa anayetaka haki yake hulazimika kueleza alifanya kazi wapi na kwa nani zamani hizo. Uingereza ina mafao kwa wagonjwa wa asbesto, na sheria ya mwaka 2014 iliweka mfuko wa kuwalipa wagonjwa wa mesothelioma ambao mwajiri wao au bima yake haipatikani tena. Anayetaka kufungua kesi ya fidia kwa kawaida ana miaka 3 tangu alipojua ugonjwa wake, si tangu alipovuta vumbi. Kufungwa kwa kampuni, au mgonjwa kurudi nyumbani, peke yake si mwisho wa haki hiyo.

Basi chukua daftari. Andika jina la kila mwajiri, anwani za majengo uliyobomoa au kukarabati, miaka, na majina ya wenzako mliokuwa pamoja. Hifadhi karatasi za mishahara. Mwombe mzee wako aliyefanya kazi bandarini, reli au kwenye viwanda vya saruji naye akueleze, na umwandikie. Na akianza kukohoa au kupungukiwa na pumzi, daktari aambiwe juu ya vumbi hilo bila ya kungoja aulize, kwani huenda asiulize kamwe.